Wikipedia na Tovuti ya Tuzo ya Nobel kwa Mwanafunzi Anayeandika Wasifu

Kazi ya kuandika wasifu wa mtu mashuhuri hutolewa katika shule nyingi, na maagizo yake kwa kawaida huwa mafupi: mwanafunzi achague mtu, atafute habari zake, aandike kurasa mbili au tatu, kisha ataje alikozipata. Mtoto akiachiwa maagizo hayo peke yake, matokeo huwa yale yale ambayo kila mwalimu amekwisha kuyasoma mara nyingi, yaani mtu aliyezaliwa mwaka fulani, akasoma mahali fulani, akapata tuzo fulani na hatimaye akafariki, bila msomaji kuambiwa kwa nini mtu huyo alistahili kuandikiwa hata ukurasa mmoja. Lawama hutupiwa mtoto. Mimi naona sehemu kubwa ya lawama hiyo ni ya vyanzo tunavyomkabidhi, na kwa sababu hiyo nimevipima viwili vinavyopatikana bure kwa yeyote mwenye intaneti: Wikipedia, hasa toleo lake la Kiswahili, na tovuti rasmi ya Tuzo ya Nobel.

Sikuvipima kwa wingi wa habari, kwa kuwa kwa kigezo hicho Wikipedia ingeshinda kabla ya mashindano kuanza. Nilichotaka kujua ni kazi gani inayobaki mikononi mwa mtoto baada ya ukurasa kufunguka. Chanzo kinachompa maisha ya mtu yakiwa yamekwisha kupangwa, kufupishwa na kutolewa hukumu humwachia kazi moja tu, nayo ni kunakili. Chanzo kinachompa maneno ya mhusika mwenyewe, takwimu zinazogongana, au tukio ambalo halijafafanuliwa lote, humlazimisha aulize, alinganishe na aamue, na kwa maoni yangu hapo ndipo uandishi wa wasifu unapoanza.

Tuanze na Wikipedia, kwa kuwa ndiyo mlango ambao karibu kila mtoto huupitia, apende asipende, kwani injini za utafutaji huiweka juu ya orodha. Ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Jimmy Wales pamoja na Larry Sanger, na toleo la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Huandikwa na watu wanaojitolea, haina matangazo ya biashara, na maandishi yake yanaruhusiwa kutumiwa upya kwa sharti la kutaja yalikotoka na kuendeleza leseni ile ile. Kwa mwanafunzi, sifa yake ya kwanza ni mpangilio. Makala ya mtu huanza na jina kamili, tarehe za kuzaliwa na kufa, na sentensi inayosema alikuwa nani. Mara nyingi pembeni kuna jedwali dogo lenye picha na mambo ya msingi. Mtoto anayetaka kuchora mstari wa matukio ya maisha ya mtu aliyemchagua ataukamilisha kwa muda mfupi, na mstari huo ni msaada wa kweli, kwa sababu humwepusha na kosa la kuchanganya utaratibu wa matukio anapoanza kuandika.

Toleo la Kiswahili lina upungufu unaoonekana mara moja. Makala zake nyingi kuhusu watu zina sentensi mbili au tatu tu: nchi ya kuzaliwa, mwaka, na kazi. Wachezaji wa mpira wa miguu na watakatifu wa Kanisa wamejaa humo, ilhali wanasayansi na waandishi wengi ambao walimu hupenda kuwapendekeza wameandikiwa kwa ufupi mno. Chini ya makala kama hizo huwekwa taarifa kwamba makala bado ni mbegu na kwamba msomaji anakaribishwa kuikuza. Mzazi anaweza kuikasirikia taarifa hiyo, lakini mimi nimekuja kuiona kuwa na manufaa yake, kwa sababu mtoto hawezi kunakili sentensi tatu akaziita ripoti. Habari zinapomwishia kabla ya udadisi wake kwisha, anaanza kuuliza maswali, na msaidizi aliye karibu naye akiwa makini atayaandika maswali hayo kwenye daftari kabla ya kumruhusu aende kwingine. Tatizo ni kwamba kwingine huko, mara nyingi, ni toleo la Kiingereza, ambalo makala yake kuhusu mtu yule yule inaweza kuwa na urefu wa kumchosha hata mtu mzima. Zipo pia makala ambazo Kiswahili chake kinaonyesha kwamba zilitafsiriwa na mashine na hazikupitiwa na mtu. Mtoto akikutana na sentensi isiyoeleweka, aambiwe wazi kwamba huenda kosa si lake.

Makala ndefu ndizo zenye hatari zaidi. Wachangiaji wa Wikipedia wanafungwa na kanuni ya kutoandika utafiti wao wenyewe, bali kueleza kile ambacho wengine wamekwisha kukichapisha, tena kwa sauti isiyoegemea upande. Kanuni hiyo ni nzuri kwa ensaiklopidia na ni mbaya kwa insha ya shule, kwa sababu mtoto huazima sauti hiyo bila kujua. Utamsoma mtoto wa miaka kumi na miwili akiandika kwamba fulani “anatambulika kwa mchango wake mkubwa katika nyanja mbalimbali”, sentensi ambayo hangeitamka mbele ya rafiki yake hata kwa bahati mbaya. Muhtasari wa ensaiklopidia umekwisha kumfanyia uamuzi wa lipi ni kubwa na lipi ni dogo, na yeye amebaki kubadilisha maneno machache ili mwalimu asimtuhumu kwa wizi wa maandishi.

Thamani kubwa ya Wikipedia kwa kazi hii iko mahali ambapo watoto hawafiki, yaani chini kabisa na juu kabisa ya ukurasa. Chini kuna tanbihi, marejeo na viungo vya nje, na napendekeza mtoto afundishwe kuanzia huko: sentensi hii imetoka wapi, ni kitabu, ni gazeti, au ni tovuti ya shirika alilofanyia kazi mhusika? Juu kuna ukurasa wa majadiliano na kichupo cha historia, ambacho huonyesha kila badiliko lililofanywa na wakati lilipofanywa. Watoto wanapokiona kwa mara ya kwanza hushangaa, maana walidhani maandishi hayo yalishuka yakiwa kamili. Hapo ndipo inafaa kuwasimulia kisa cha John Seigenthaler, mwandishi wa habari wa Marekani, ambaye mwezi Mei 2005 aliandikiwa katika toleo la Kiingereza wasifu wa uongo uliomhusisha na mauaji ya John Kennedy na ndugu yake Robert. Uongo huo ulikaa hapo kwa takriban miezi minne kabla ya kuondolewa, na baada ya kelele zilizofuata toleo hilo likazuia watu wasiojisajili kuanzisha makala mpya. Kisa hiki hakimfundishi mtoto kuiogopa Wikipedia, kwa kuwa kosa lilipatikana na likarekebishwa hadharani, jambo ambalo vitabu vilivyochapwa haviwezi kulifanya kwa urahisi. Kinamfundisha kwamba wasifu ni kitu kilichoandikwa na mtu, na kwamba mtu huyo anaweza kuulizwa ushahidi.

Sasa tuhamie kwenye tovuti ya Tuzo ya Nobel, ambayo nakiri kwamba naipendelea. Kila mshindi amepewa fungu la kurasa zake: muhtasari mfupi wa mambo ya msingi, wasifu, mhadhara alioutoa, picha, na kwa washindi wa miaka ya karibuni video pia. Kwa washindi wengi, ukurasa wa wasifu ni tawasifu, kwa maana kwamba waliombwa waandike maisha yao kwa mkono wao wenyewe, na wengine wameandika mambo ya utotoni ambayo hayapatikani kwa urahisi penginepo. Tofauti na ensaiklopidia, mtoto hapa hakabidhiwi simulizi moja iliyolainishwa. Anakabidhiwa vipande, na vipande hivyo havilingani kila mara.

Mfano ambao nimeuona ukifanya kazi vizuri zaidi ni wa Wangari Maathai, aliyezaliwa mwaka 1940 na kupewa Tuzo ya Amani mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Mtoto akiulizwa Maathai alifanya nini, hujibu upesi kwamba alipanda miti. Miti mingapi? Ukurasa wa wasifu wake katika tovuti hiyo unasema kwamba aliwasaidia wanawake kupanda zaidi ya miti milioni 20. Mhadhara wake mwenyewe, alioutoa Oslo tarehe 10 Desemba 2004 na ambao umewekwa katika tovuti hiyo hiyo, unataja zaidi ya milioni 30. Green Belt Movement, yaani harakati aliyoianzisha, siku hizi hutaja zaidi ya milioni 51 tangu mwaka 1977. Mtoto mvivu huchagua namba kubwa kuliko zote kwa sababu inapendeza. Mtoto aliyesaidiwa huulizwa mambo mawili: kila namba iliandikwa lini, na ni nani aliyekuwa akiichimbua ardhi?

Swali la kwanza humwonyesha kwamba namba hizo si lazima ziwe zinapingana, kwa sababu miti iliendelea kupandwa na kila andiko lina wakati wake. Swali la pili humwonyesha jambo zito zaidi. Katika mhadhara Maathai hasemi “nimepanda”, anasema “tumepanda”, na ukurasa wa wasifu nao unazungumzia wanawake waliosaidiwa kupanda miti katika mashamba yao na katika viwanja vya shule na makanisa. Ripoti nyingi za watoto huandika kwamba yeye peke yake alipanda mamilioni ya miti. Njia nzuri ya kuliondoa kosa hilo bila kuhubiri ni kumpa mtoto hesabu: miti milioni 30 kuanzia mwaka 1977 hadi 2004 ni takriban miti 3,000 kwa siku, kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Baada ya hesabu hiyo hakuna anayeandika tena kwamba ilikuwa kazi ya mikono miwili, na sentensi inayozaliwa huwa bora mara nyingi zaidi, kwa mfano: “Mwaka 2004 Maathai alisema kwamba yeye na wenzake walikuwa wamekwisha kupanda zaidi ya miti milioni 30.” Sentensi hiyo ina tarehe, ina msemaji na ina wenzake. Mtoto aliyeiandika anajua anachokisema.

Mhadhara huo una hazina nyingine ambayo muhtasari wa ensaiklopidia kwa kawaida huiacha. Unapokaribia kwisha, Maathai anakumbuka kijito kilichokuwa karibu na kwao, alikokwenda kumtekea mama yake maji, na jinsi alivyocheza katikati ya majani ya nduma akijaribu kuyaokota mayai ya chura, akidhani kwamba ni shanga, nayo yakakatika kila alipoyawekea vidole. Baadaye aliviona viluwiluwi vyeusi vikichezacheza majini. Kisha anasema kwamba zaidi ya miaka 50 imepita na kijito kimekauka. Nimewaona wanafunzi ambao hawakuwa na hamu yoyote na kazi hii wakibadilika wanapofika kwenye mayai ya chura, kwa sababu wamekutana na mtoto mwenzao, na mtoto huyo anawafungulia swali la kuongoza ripoti nzima: msichana aliyecheza na mayai ya chura alifikaje kwenye shahada ya biolojia aliyoipata Marekani mwaka 1964, na kutoka hapo hadi shahada ya uzamivu aliyoipata Nairobi mwaka 1971, na kutoka maabara hadi kwenye vitalu vya miche? Ripoti yenye swali kama hilo hujipanga yenyewe. Tarehe za shule na vyeo, ambazo kwingine ni mzigo, zinageuka kuwa hatua za safari.

Hata hivyo, msaidizi asimwache mtoto aukumbatie mhadhara kana kwamba ni shahidi asiyekosea. Mtu anayesimama mbele ya dunia kupokea tuzo huchagua kumbukumbu zinazoitumikia hotuba yake, na hilo si uongo, ni ufundi wa kuhutubu. Kwa hiyo ni vyema mtoto azoee kuandika “alikumbuka kwamba” au “alisema kwamba” badala ya kuandika tu kwamba jambo fulani lilitokea. Ni tofauti ndogo ya kisarufi ambayo walimu wa historia wangefurahi sana kuiona ikianza mapema.

Kwa mwanafunzi anayependa fasihi, mhadhara wa Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948 na kupata Tuzo ya Fasihi mwaka 2021, una faida ya pekee. Gurnah anauanza kwa kukumbuka kwamba kuandika kulikuwa raha kwake tangu akiwa mwanafunzi, na kwamba alikingojea kwa hamu kipindi cha kuandika hadithi kuliko vipindi vingine. Mtoto anayelalamika kwamba amepewa insha ya kuandika anasoma habari za mtoto aliyeifurahia insha, na sihitaji kueleza zaidi. Baada ya hapo mhadhara unaingia katika mambo mazito ya historia na uhamiaji, ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi atahitaji kuongozwa ili ayaelewe. Msaidizi achague aya za kusoma na aziache nyingine kwa ajili ya umri mwingine.

Ubora wa tovuti hii hushuka ghafla tunapofika kwa wanasayansi. Mhadhara wa Marie Curie wa tarehe 11 Desemba 1911 ni wa kemia, na hakuna namna ya kumfanya mtoto wa miaka kumi na mitatu aufurahie wote. Lakini hata humo kuna sehemu inayofaa kuonyeshwa: mahali anapotenganisha kwa uangalifu kazi alizozifanya pamoja na mumewe Pierre, aliyekuwa amefariki mwaka 1906, na kazi ya kuitenga chumvi safi ya elementi ya radi (radium) ambayo aliifanya mwenyewe. Kwa nini mwanamke aliyekwisha kupata tuzo moja aone haja ya kusema hivyo mbele ya wasikilizaji wa kisayansi? Jibu linaanzia mwaka 1903. Wanasayansi wa Ufaransa walioandika barua ya kupendekeza tuzo ya fizikia ya mwaka huo waliwataja Pierre na Henri Becquerel, wakamwacha yeye. Mwanahisabati wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, ndiye aliyemtonya Pierre, naye Pierre akajibu kwamba mkewe afikiriwe pamoja naye. Karibu kila ripoti ya shule kuhusu Curie husema kwamba alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel na kuishia hapo. Mtoto aliyesaidiwa kufika kwenye barua hiyo ataandika jinsi alivyokaribia kuikosa, na atakuwa ameipata hadithi ambayo wenzake darasani hawanayo. Tovuti ina hata hifadhi ya mapendekezo, ambamo mtu anaweza kutafuta nani alimpendekeza nani, ingawa majina hufungwa kwa miaka 50 kabla ya kuwekwa wazi, na kwa hiyo haimsaidii anayemwandikia Maathai au Gurnah.

Kasoro za tovuti hii si ndogo. Ya kwanza ni lugha, kwa kuwa karibu kurasa zake zote ni za Kiingereza, na mtoto asiyekimudu atahitaji mtu wa kukaa naye, kusoma aya, na kumweleza kwa Kiswahili ili yeye aandike kwa maneno yake. Njia hiyo huchukua muda, lakini ina faida isiyotarajiwa: mtoto aliyesikia habari kwa Kiswahili kutoka kinywani mwa mtu hawezi kunakili sentensi za Kiingereza, na karibu kila mara ripoti yake hutoka ikiwa na sauti yake. Sipendekezi kuibandika hotuba nzima katika programu ya kutafsiri, kwa sababu hotuba za watu hawa zinategemea mdundo na mafumbo madogo ambayo mashine huyasawazisha yakawa kama tangazo la ofisi.

Ya pili ni kwamba tovuti hii ni ya watoaji wa tuzo, na mwenye tuzo hana sababu kubwa ya kuwakosoa aliowatuza. Wanaotafuta upinzani, kushindwa au ugomvi wa kifamilia watapaswa kurudi Wikipedia au kwenda maktaba. Kwa haki ni lazima niseme kwamba tovuti hiyo ina makala ndefu inayoeleza kwa nini Mahatma Gandhi hakupewa tuzo kamwe licha ya kupendekezwa mara kadhaa, hata katika mwaka 1948 alipouawa, na ni nadra taasisi kujianika namna hiyo.

Ya tatu ndiyo inayouma zaidi. Tangu mwaka 1901 waliotunukiwa ni takriban 1,000 tu, wakiwemo watu na mashirika, na watu wengi wanaofaa kuandikiwa wasifu hawamo. Chukua Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928 na kufariki mwaka 1950. Mwaka wake wa kuzaliwa wenyewe hutajwa kwa kukadiria, yapata 1880. Kwake tovuti ya Nobel haina neno lolote, na ensaiklopidia haitoshi. Mwanafunzi atahitaji wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, rekodi za nyimbo, na mtu mzima wa kumfafanulia ni nini maana ya kuandika “yapata” mbele ya mwaka. Nalitaja hili kwa sababu baadhi ya wasaidizi humshauri mtoto achague mtu mwenye habari nyingi mtandaoni ili kazi iwe rahisi. Ushauri huo unaeleweka, lakini huwafanya watoto wa darasa zima waandike kuhusu watu watano wale wale.

Britannica, ensaiklopidia iliyoanza kuchapwa Edinburgh mwaka 1768, sikuiingiza katika tathmini hii kwa sababu huduma yake iliyotengenezwa kwa watoto, ambayo hupanga makala kwa viwango vya usomaji, huhitaji malipo. Kwa shule yenye uwezo wa kulipia na wanafunzi wanaosoma Kiingereza vizuri, viwango hivyo ni msaada ambao hakuna kati ya vyanzo hivi viwili kinachoutoa.

Kuhusu programu za akili mnemba zinazoandika ripoti nzima kwa kuombwa mstari mmoja, maoni yangu yanafuata kigezo kile kile nilichoanza nacho. Hazimwachii mtoto kazi yoyote, hata ile ya kunakili, na zaidi ya hayo zinaweza kutaja vitabu na nukuu ambazo hazipo. Matumizi pekee niliyoyaona yakifaa ni ya kinyume chake, pale mtoto anapokwisha kuandika rasimu yake na kuiomba programu imuulize maswali kuhusu yale ambayo msomaji hatayaelewa. Hata hapo, aliyekaa naye ndiye awe wa kwanza kuuliza, kwa sababu yeye anamjua mtoto.

Kwa utaratibu wa kazi yenyewe, ninavyoona, Wikipedia ya Kiswahili inafaa siku ya kwanza, ili mtoto ajue mtu aliyemchagua alikuwa nani na aandike maswali matatu au manne ambayo ukurasa huo haukuyajibu. Kisha aufunge. Kama mtu huyo ni mshindi wa Nobel, aende kwenye mhadhara kabla ya kwenda kwenye wasifu, kwa sababu akianza na wasifu atauchukua mfuatano wake na hatautafuta mwingine. Aandike kwenye daftari maneno yaliyomgusa, akiyafungia katika alama za nukuu hapo hapo, ili siku ya kuandika rasimu asisahau yapi ni ya mhusika na yapi ni yake. Mkanganyiko mwingi wa wizi wa maandishi miongoni mwa watoto hautokani na hila. Hutokana na daftari lililojaa sentensi zisizo na mwenyewe. Wikipedia ya Kiingereza irudiwe mwishoni, kwa ajili ya kuhakiki tarehe na kutafuta yale ambayo mhusika hakuyasema kuhusu nafsi yake.

Kwa watoto wenye umri wa chini ya miaka kumi, ningeiacha tovuti ya Nobel kabisa isipokuwa picha zake na aya moja moja atakazosomewa. Kwa wenye umri wa miaka kumi na mbili na kuendelea, na hasa kwa wale wanaokaribia sekondari, ndiyo ningeisisitiza.

Limebaki suala la kutaja vyanzo, ambalo huduma zote mbili zimelirahisisha kuliko wengi wanavyojua. Tovuti ya Nobel huweka chini ya kurasa zake maelezo yaliyo tayari ya jinsi ukurasa huo unavyotajwa katika orodha ya marejeo, na Wikipedia ina kiungo cha kazi hiyo hiyo katika zana zake za pembeni, pamoja na tarehe ya toleo lililosomwa. Tarehe hiyo isiachwe, kwa kuwa makala inaweza kubadilika kesho yake. Na pale mwalimu anapokataza Wikipedia isitajwe, kama wengi wanavyofanya, na kama Wikipedia yenyewe inavyoshauri kwa kazi za kitaaluma, mtoto asiifiche na kujifanya hakuiona. Afuate tanbihi hadi kwenye chanzo, akisome, na akitaje hicho. Asipoweza kukipata, sentensi iliyokitegemea iondolewe kwenye ripoti.